Mke wa Bwana Utepe

Kabla watu hawajaanza kumwita Bwana Utepe, mume wa Mama Pacha alikuwa mfumaji. Hilo lazima lisemwe mapema, maana mbele ya safari litakuwa gumu kuaminika. Na hakuwa mfumaji wa kubahatisha. Alifika nyumbani kwa baba yake Mama Pacha akiwa kijana asiye na mbele wala nyuma, akaomba afundishwe kazi. Mzee yule hakuwa mtu wa kusifu, hata mvua ikinyesha baada ya ukame angesema imechelewa. Alimtazama kijana akifuma msimu mzima, kisha akaingia jikoni akamwambia mkewe, "Huyu ana mikono." Basi. Kwa maneno hayo kijana akapata kazi, na baada ya muda akapata na binti.

Binti mwenyewe alikuwa anafuma tangu siku ambazo miguu yake ilikuwa haifiki kwenye pedali, lakini hakuna aliyewahi kuingia jikoni kusema kuwa naye ana mikono. Mtoto wa kike akifuma vizuri huonekana anasaidia kazi za nyumbani.

Mzee alipofariki aliwaachia nyumba na vitanda viwili. Wafumaji huuita hivyo mtambo wao wa mbao: kitanda, kwa sababu uzi hulazwa juu yake na kunyooshwa kama mgonjwa anayesubiri daktari. Vitanda hivyo vilikaa chumba cha mbele, kimoja kikitazamana na kingine, vikakijaza chumba chote hata wageni wakawa wanapokelewa jikoni. Mume huku, mke kule. Asubuhi walianza pamoja, na kile kijiti cha kupitishia uzi, ambacho wao walikiita panya kwa jinsi kinavyokimbia, kilisikika mpaka barabarani. Wakiwa na mapenzi walifuma taratibu huku wakipiga soga. Wakigombana walifuma kwa kasi, kila mmoja akibamiza kitana cha kubania uzi kana kwamba anambamiza mwenzake, na mwezi wa ugomvi ndio uliotoa nguo nyingi zaidi. Wakazaliwa mapacha, mabinti wawili. Walilelewa chini ya vitanda hivyo, na hawakulala usingizi bila makelele.

Halafu mambo yakageuka. Uzi ukapanda bei, nguo za mitumba zikashuka, na shuka la kiwandani likawa rahisi kuliko uzi mtupu wa kufumia shuka la mkono. Mtaa uliokuwa na wafumaji kila mlango ukaanza kunyamaza. Mmoja akauza mbao za kitanda chake kwa mchoma mkaa. Mwingine akakigeuza chake kuwa kituo cha kuku kulalia. Mume na mke hawa waliendelea, kwa ukaidi zaidi kuliko kwa faida.

Hapo ndipo serikali ilipogundua kwamba inawapenda wafumaji.

Ilikuja na gari jeupe, na ndani yake afisa mwenye tumbo la kutangulia na kamera shingoni. Siku hiyo kitanda cha mume kilikuwa kitupu, kinasubiri uzi. Cha mke kilikuwa na nguo nusu, ya mistari ya samawati inayopishana na nyeupe, kazi ya kuumiza macho. Mke alikuwa uani anasuuza uzi uliotoka kwenye rangi, mikono ya samawati mpaka kwenye viwiko.

"Fundi, kaa hapo nikupige picha," afisa alisema.

Mume akakaa. Akakaa kwenye kitanda cha mkewe, akashika kitana cha mkewe, akaitazama nguo ya mkewe kwa jicho la upendo. Mama Pacha alifika mlangoni wakati afisa anauliza, "Kazi nzuri sana hii. Ulijifunza lini?"

"Nimezaliwa nayo, mheshimiwa."

Mama Pacha alisubiri mumewe aongeze neno. Neno moja tu lingetosha, hata la utani. Hakuongeza. Akarudi uani kusuuza uzi.

Jioni alimuuliza. "Umezaliwa nayo? Wewe uliyekuja hapa hujui hata kufunga fundo?"

"Ah, Mama Pacha, ni maneno tu. Wakubwa hupenda maneno."

Alicheka, na mke akacheka naye. Walikuwa bado wanaweza kucheka pamoja. Dharau haimpati mtu kama homa, leo mzima kesho kitandani. Huja kama kutu, kidogo kidogo, na anayeliona doa la kwanza husema litafutika.

Haikupita muda, kikaundwa chama cha wafumaji, maana serikali haiwezi kumsaidia mtu asiye na chama. Chama kilihitaji mwenyekiti, na mwenyekiti ni nani kama si yule aliyezaliwa na kazi? Mume akanunua suruali ya kukunjwa kwa pasi. Akaanza kwenda semina. Alirudi na mkoba wa semina, kofia ya semina na kalamu ya semina, na kinywa kilichojaa maneno ya semina. Alisema uwezeshaji. Alisema wadau. Jioni moja akamweleza mkewe kwamba tatizo la wafumaji ni kwamba hawajaingizwa kwenye mnyororo wa thamani.

"Mnyororo?" Mama Pacha aliuliza bila kuinua macho kwenye kazi. "Na wewe umeshafungwa?"

Mwenyekiti akavua kofia yake ya semina, akaitundika. Kitanda chake mwenyewe kilikuwa kimeanza kupata utando wa buibui. Alisema atafuma wiki ijayo, baada ya kikao. Lakini vikao ni kama nywele, unakata huku vinaota kule, na wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Chakula cha nyumba hiyo kilitoka kwenye kitanda cha mke. Soda na keki za nyumba hiyo zilitoka kwenye semina, zikiwa zimefungwa kwenye karatasi laini, na mabinti waliokuwa wakubwa sasa walizila wakimcheka baba yao kwa siri.

Siku moja mwenyekiti aliitisha mkutano wa chama. Serikali, alisema, inataka kujua wanachama wanahitaji nini. Alikuwepo jirani yao, mjane wa fundi baiskeli, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye alifuma kwa zamu kwenye kitanda cha kuazima. Alisimama akasema, "Mwenyekiti, tunahitaji vitanda. Vya wengine vimeliwa na mchwa, na wengine kama mimi hatuna kabisa. Ukituletea vitanda, mengine tutajua wenyewe."

Wote wakapiga makofi. Mwenyekiti akalipeleka ombi makao makuu kama lilivyosemwa: wafumaji wanaomba vitanda. Mama Pacha alikuwepo akasikia, na hata yeye hakuona tatizo. Nani angeliona? Mtu huzungumza lugha ya kazi yake akidhani dunia nzima inaijua.

Lori lilifika baada ya watu kukata tamaa. Lilisimama kwenye uwanja wa chama, turubai likafunuliwa, na wapakuzi wakaanza kuteremsha vitanda. Vya chuma. Vyenye springi. Vyenye kichwa na miguu na rangi ya kijivu, vile vya mabweni ya shule. Vilipangwa safu mbili juani, vinang'aa.

Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, akajiziba mdomo.

Mjane akamsogelea mwenyekiti. "Mwenyekiti. Hivi ni vya kulalia."

"Naona," alijibu kwa kunong'ona, tabasamu likiwa limeganda usoni kwa ajili ya maafisa.

"Basi waambie!"

"Nyamaza, dada yangu. Mgeni rasmi yuko njiani."

Mgeni rasmi akafika na vumbi lake. Utepe mwekundu ulifungwa kutoka kitanda cha kwanza cha safu hii hadi kitanda cha kwanza cha safu ile. Mwenyekiti ndiye aliyebeba sahani yenye makasi, akaishika kwa mikono miwili, ameinama kidogo kama mtu aliyebeba mboni ya jicho la serikali. Mgeni rasmi alikata, akabonyeza springi kwa kiganja, springi zikalia. "Imara," alisema. Akageukia umati. "Mlilia, na serikali yenu imesikia kilio chenu. Kuanzia leo mtafuma kwa raha!"

Makofi yakapigwa. Wengine walipiga kwa woga, wengine kwa mazoea, wengine kwa sababu kitanda ni kitanda na nyumbani watoto wanalala chini. Mama Pacha hakupiga. Alikuwa amekunja mikono kifuani, anamtazama mumewe na ile sahani. Alisubiri aseme. Alikuwa na kipaza sauti, alikuwa na nafasi, alikuwa na ulimi uliosifiwa wilaya nzima. Mwenyekiti alichukua kipaza sauti akasema, "Hatuna cha kukulipa, mheshimiwa, isipokuwa shukrani."

Halafu akamvisha mgeni rasmi nguo mabegani. Ile ya mistari ya samawati. Mumewe alikuwa ameiomba asubuhi, akasema ni kwa ajili ya chama.

Sherehe ilipokwisha, Mama Pacha alipita karibu na magari akielekea nyumbani. Dereva wa gari kubwa alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha mbele, anafuta kwa bidii, na nguo aliyofutia ilikuwa na mistari ya samawati.

"Baba," alimwambia dereva, "hiyo nguo ni ya mgeni rasmi."

"Ndiye aliyenipa mwenyewe, mama," dereva alijibu kwa adabu. "Amesema inawasha."

Mama Pacha alitazama kazi yake ikipanda na kushuka kwenye kioo. Kisha akasema, "Hapo kona umeacha vumbi," akaenda zake.

Usiku huo nyumba haikuwa na ugomvi wa kelele. Angalau kelele ina heshima yake, unampigia mtu unayedhani anaweza kusikia.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza mumewe.

"Ukimwambia mkubwa amekosea, kesho hakuletei kitu."

"Na leo kakuletea nini?"

Mume akafikiri, kwa dhati kabisa, akajibu, "Vitanda."

Mama Pacha ilibidi akae. Mume akaona huo ni ulegevu, akasogea. "Lakini tazama upande mwingine, mke wangu. Tutalala pazuri."

"Lala wewe."

Na kweli alilala yeye. Kitanda cha serikali kiliingizwa chumbani, mume akahamia huko, na kila alipogeuka springi zilipiga mayowe. Mke alibaki kwenye kitanda chao cha zamani cha kulalia, akiwa amempa mgongo. Mtaani, kuanzia siku ile ya makasi, mwenyekiti akawa Bwana Utepe. Yeye alidhani ni jina la heshima. Kila akiitwa hivyo aliinua mkono.

Mwaka uliofuata vitanda vya kufumia vilipatikana kweli, vya mbao nzuri, vikagawiwa wafumaji wa miji mingine. Mji wao uliachwa kwa sababu tayari ulikuwa umepewa vitanda. Bwana Utepe aliwaelezea wanachama kwamba ni uungwana kuwapisha na wengine. Mjane akatema mate pembeni, akaendelea kuazima.

Kisha likaja onyesho la taifa. Bwana Utepe alichaguliwa kwenda mji mkuu kufuma mbele ya watu, katika ukumbi mkubwa, kama mfano wa mafanikio. Jioni ile alimkuta mkewe kwenye kazi, akasimama karibu naye akichezea pete kidoleni. Mikono yake ilikuwa imekuwa laini kama ya karani wa benki.

"Mama Pacha, nina shida ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Twende wote. Unitandikie uzi tu, unitengenezee kitanda. Mimi nitafuma mistari miwili mitatu, basi. Watu hawakai muda mrefu."

Alikuwa na haki ya kukataa. Watu wengi wangesema alipaswa kukataa. Alikwenda kwa sababu mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa wema. Ya kwanza, serikali ilikuwa imetoa uzi wa onyesho, pamba safi ya daraja la kwanza, ambayo vidole vyake havikuwa vimeigusa tangu baba yake yu hai. Ya pili, alitaka kumwona akianguka. Alilitaka jambo hilo kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Alimwona tayari, katikati ya ukumbi, mbele ya wakubwa, jasho likimtiririka, uzi ukimkatikia, na ukweli ukiwa hadharani bila mtu kulazimika kuusema.

Ukumbi ulikuwa na zulia na mashine ya baridi iliyowafanya watu wakohoe. Mama Pacha alitandika uzi siku ya kuamkia onyesho, nyuzi zote za mtande, zile za kwenda urefu wa nguo, zimenyooka, zimekaza sawasawa, akafuma mwenyewe kipande cha mwanzo kama shubiri mbili ili mumewe apate pa kuanzia. Asubuhi akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia la banda, penye upenyo.

Wakubwa wakaja wakisukumana. Bwana Utepe, ndani ya joho la chama, akaketi. Akakanyaga pedali. Akarusha panya, na panya akadondoka chini. Watu wakacheka kwa upendo. Akamwokota, akamrusha tena, akabana mno upande mmoja, uzi mmoja wa mtande ukakatika, kisha wa pili, kisha kundi zima likalegea likaning'inia kama utumbo wa kuku. Vidole vyake vilitafuta fundo ambalo zamani vilikuwa vinalifunga gizani. Havikulipata. Akafunga fundo la viatu.

Nyuma ya pazia Mama Pacha alisogeza jicho kwenye upenyo. Haya, alijisemea. Haya sasa.

Mkubwa mmoja aliinama, akaonyesha pale palipovurugika. "Na huu ni mtindo gani?"

"Ni wa asili, mheshimiwa," alisema Bwana Utepe.

"Mnaona!" mkubwa aliwageukia wenzake. "Mashine haiwezi kukupa hiki."

Makofi yakajaa ukumbi mpaka juu ya paa. Kabla ya saa za mchana Bwana Utepe alikuwa jukwaani, amekabidhiwa kikombe cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa Mfumaji Bora.

Mama Pacha alibaki amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alikuwa ameleta kiu yake safari yote ile, na kisima kilikuwa kikavu. Hapo alielewa jambo ambalo hakuwa amelifikiria kabla: mtu hawezi kuaibika mbele ya watu wasiojua. Aibu inahitaji shahidi mwenye macho, na katika ukumbi wote ule shahidi alikuwa yeye peke yake. Na mumewe alijua hivyo. Alipokuwa anashuka jukwaani na kikombe aliangalia kwenye upenyo wa pazia mara moja tu, kisha akayaondoa macho haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

Hakumsubiri. Alichukua pamba yote iliyobaki, akaishindilia kwenye mfuko wake wa safari, akapanda basi la kwanza. Mhudumu wa banda alijaribu kumwambia kuwa uzi ule ni mali ya serikali.

"Najua," alisema Mama Pacha. "Na mimi je, ni mali ya nani?"

Alipofika nyumbani hakupumzika. Alikwenda kugonga kwa mjane.

"Shoga, njoo uchukue kitanda."

"Kipi? Cha springi? Ninacho, mgongo umekwisha."

"Cha kufumia. Cha mume wangu."

Mjane akachungulia barabarani pande zote mbili. "Na mwenyewe akirudi?"

"Mwenyewe anapigiwa makofi. Shika huku."

Waling'oa vigingi, wakakitenganisha kitanda kipande kwa kipande, wakakivusha barabara juani mchana kweupe, watu wote wakitazama. Mahali kilipokuwa, sakafu ilikuwa na alama nne zilizochimbika kwa miaka. Mama Pacha akafagia utando wa buibui. Kisha akatoa meza ndogo ya jikoni, akaiweka pale pale katikati, akaitandika kitambaa.

Bwana Utepe alirudi na kikombe ndani ya boksi. Aliingia akisema, "Mama Pacha, laiti ungengoja, kulikuwa na chakula cha..." akakatisha. Alitazama alama za sakafuni. Akatazama meza.

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Kwa jirani. Kinafuma."

"Na hii meza?"

"Nimekuwekea. Kikombe nacho kinahitaji pa kukaa."

Mama Pacha alitarajia apige kelele. Mwanamume mwenye haki hupiga kelele. Huyu alikaa kwenye kizingiti na boksi lake mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nawaza kurudi kufuma."

"Lini?"

Mumewe akainuka, akatoa kikombe kwenye boksi, akakiweka mezani, akakigeuza kidogo ili maandishi yatazame mlango.

Waziri akabadilishwa, kama mawaziri wanavyobadilishwa, na huyu mpya alipenda nyuki. Wafumaji wakasahauliwa asubuhi moja. Mizinga ya nyuki ikaanza kukatiwa utepe. Bwana Utepe alifua joho lake akaenda kujitambulisha kwa wafuga nyuki, akiwaeleza uzoefu wake wa uwezeshaji, lakini akakuta nao wanaye wa kwao, kijana mwenye suti, aliyezaliwa na nyuki. Akarudi nyumbani. Simu yake ikanyamaza. Alikuwa akiitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyeacha kubweka.

Katika kipindi hicho cha kusahauliwa ndipo msaada pekee wa maana ulipofika, na haukuwa na gari. Afisa mpya wa biashara, binti wa rika la wale mapacha, alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi na chupa yake ya maji. Hakuwa na kamera. Alikaa kwa mjane, juu ya kitanda cha springi, akauliza ni kitu gani kinachowaumiza zaidi. Walimwambia: uzi, maana unapita mikono mingi kabla ya kuwafikia, na kila mkono unajichotea faida humo. Binti akapiga simu kiwandani palepale, akabishana, akapiga tena. Mama Pacha alimkagua kama mtu anayetafuta chawa kichwani. Alitafuta kiburi, akatafuta uongo, akatafuta hata utepe kwenye mkoba. Akakosa, na kukosa huko kukamuudhi kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kudharau na dharau ina starehe yake.

Ilivyokuja kuwa ni hivi: wanawake wafumaji waliobaki wangeagiza uzi kwa pamoja, mzigo mmoja mkubwa, na kiwanda kingewauzia moja kwa moja. Binti afisa alipanda nao lori mara ya kwanza, akakaa nyuma juu ya magunia, akawaonyesha mlango wa kuingilia na mtu wa kuonana naye. Kabla mwaka haujaisha alihamishwa. Aliyekuja badala yake aliuliza swali moja tu, mwenyekiti yuko wapi, na alipoambiwa hakuna mwenyekiti akasema basi hapa hakuna chama, akaondoka. Wanawake wakaendelea kuagiza. Fundi mmoja wa mikoba aligundua nguo yao ni ngumu na haichaniki, akawa anachukua yote. Hawakutajirika. Lakini mtaa ukaanza kusikika tena, mlango mmoja, kisha mwingine.

Asubuhi moja Bwana Utepe alitoka barazani, akavuta gurudumu la kuzungushia uzi, akaanza kuujaza uzi kwenye rili. Ni kazi ya anayejifunza, kazi ya kwanza kabisa ambayo baba mkwe wake alimpa enzi hizo. Hakuna aliyemwomba. Rili za kwanza zilikuwa na matumbo na mabonde, Mama Pacha akazirudisha zote barazani bila neno. Za pili zikawa afadhali. Siku hizi hukaa pale kutwa, anazungusha, na wapita njia wakisimama huwasimulia mji mkuu, ukumbi, mashine ya baridi.

Binti mmoja wa mapacha, anayefanya kazi dukani mjini, alikuja kusalimia akamkuta baba yake hivyo. Jikoni akamuuliza mama, "Mama, kwa nini humfukuzi?"

"Na nani atazungusha uzi?"

"Mama, nauliza kweli."

Mama Pacha akaendelea kukata kitunguu. "Kuna mara uzi unamkatikia pale nje," alisema. "Anaufunga bila kuangalia, huku anaongea na watu upuuzi wake. Lile fundo lenyewe, dogo, halionekani hata ukilitafuta kwa ukucha. Limemrudia." Alisukuma kitunguu pembeni. "Mwongo asiyejua kitu namsamehe, ana haki ya kudanganya, atakula nini? Lakini huyu alijua, mwanangu. Alikuwa na kitu mkononi, akakiuza kwa makofi. Hapo ndipo nashindwa."

"Lakini humfukuzi."

"Sijasema nimemaliza kumdharau."

Nje lori la uzi lilipiga honi. Mjane alikuwa tayari barabarani, anampangia dereva pa kugeuzia kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Mama Pacha akafuta mikono, akachungulia dirishani. Mumewe alikuwa katikati ya hadithi, mkono mmoja hewani, msikilizaji ameduwaa.

"Baba Pacha!" aliita. "Mwache mwenzio aende. Magunia hayo hayatembei."

Akainuka, akaacha hadithi ilipofikia, akaenda kubeba.